Kipande Kisimame Wima

Katika maabara ya patholojia ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kipande cha utumbo mpana hufika ndani ya kichupa cha fomalini chenye namba ya mgonjwa. Hulowa humo mpaka kikaze. Kisha hupitishwa kwenye alkoholi, hafifu kwanza na kali baadaye, ili maji yatoke. Halafu kwenye zailini, alkoholi nayo itoke. Mwishowe kwenye nta ya moto, inayojaa kila palipokuwa na maji.

Hapo ndipo fundi hupunguza mwendo. Hukishika kipande kwa kibanio, hukisimamisha kwa ubavu ndani ya kibati, husubiri nta ishike chini, ndipo hujaza. Kikilala, visima vidogo vya ukuta wa utumbo vitakatwa kwa upana na daktari ataona miduara tu. Kikisimama, kila kisima kitaonekana kuanzia kitako hadi mdomo.

Nta ikishapoa, kazi ni ya mikrotomu. Fundi huzungusha mpini taratibu, bila kusita, na wembe hutoa utepe wa unene wa mikroni 3 au 4. Mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Huulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo ifunguke, kisha huuopoa kwa kioo. Ukibaki na mkunjo, hukata mwingine. Nimemwona akitupa tepe ambazo mimi ningezipokea kwa shukrani.

Kisha ni rangi: hematoksilini hutia viini vya seli buluu, eosini hutia kilichobaki waridi. Kioo hakina mwendo, maana fomalini ilishazisimamisha seli zote. Safari ya seli husomwa kwa mahali kila moja ilipokutwa. Katika utumbo mzima, seli huzaliwa karibu na kitako cha kisima, hupanda zikiwa zimeshikana, na baada ya siku 3 hadi 5 hivi hufika juu na kudondoka. Katika saratani, seli hutoboa utando uliozibeba na kuzama kwenye tabaka za chini, nyingine moja moja, nyingine katika vikundi visivyozidi seli 4. Daktari huvihesabu vikundi hivyo, kwa kuwa vikiwa vingi hatari ya ugonjwa kusambaa huongezeka.

Basi ndugu msomaji, ukiambiwa majibu ya biopsi bado siku kadhaa, jua kuna mtu anayekisimamisha kipande chako wima. Mpe nafasi, na siku ya majibu usikose kwenda kuyachukua.