"Jike Dume" si Istilahi

Mara nyingi "kunyanyua vitu vizito" na "kutunisha misuli" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sivyo: mchezo wa kwanza hupimwa kwa kilo, wa pili kwa umbo. Mchanganyo huo huchochea dhana potofu kwamba mwanamke anyanyuaye vyuma hugeuka "jike dume". Kumbe homoni ya testosteroni, ikuzayo misuli, ni haba mwilini mwake. Hatunuki upesi kama mwanamume. Mtaimbo wa mashindano ya wanawake, walioingizwa katika Olimpiki mwaka 2000, una kilo 15. Ndoo ya lita 20 ajitwikayo mama wa kijijini Dodoma huupita uzito huo, wala haitwi dume. Wafasiri na walimu, tusiifanye kejeli kuwa istilahi.