Darubini Kando ya Barabara

Tangu mwaka 1968, wanachama wa San Francisco Sidewalk Astronomers, huko Marekani, wamekuwa wakisimika darubini kando ya barabara na kumwonyesha anga mpita njia yeyote, bure. Ni kazi ya kupongezwa kwa moyo wote.

Mwanzilishi wao mmoja, John Dobson, aliyefariki mwaka 2014, aliwahi kuwa mtawa wa Vedanta. Hakuwa na fedha za kununua vifaa, hivyo alisugua vioo vya madirisha ya meli hadi vikawa vioo vya darubini, akavipachika kwenye bomba la karatasi ngumu na kitako cha mbao.

Uhodari wao hasa umo katika kuelekeza jicho. Mwezi mpevu hupendeza, lakini mwezi nusu hufundisha zaidi: pale mwanga unapopakana na giza, vivuli vya milima hurefuka na kingo za mashimo hujitokeza wazi. Kisha huonyesha sayari ya Mshtarii, na miezi yake minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Anayetazama mapema jioni, akachora miezi hiyo ilipo, akirudi saa chache baadaye huikuta imehama.