“And” ya Waingereza na “ka” ya Msafara

Katika viunganishi vya Kiingereza hapana kinachotumikishwa kama “and”. Anayeanza kujifunza lugha hiyo huambiwa kuwa maana yake ni “na”, naye akaamini, na imani hiyo ndiyo iliyojaza tafsiri zetu sentensi zinazochechemea. Baba na mama, chumvi na ndimu, mia na ishirini: hapo maneno mawili hayo yanalingana, wala hapana ugomvi. Ugomvi huanza pale kinachounganishwa si kitu na kitu, bali tendo na tendo.

Itazamwe sentensi hii ya mfano: “Treni ilifika Goweko na abiria walishuka na walinunua asali na walipanda tena.” Kila neno ni la Kiswahili, lakini mwendo si wake. Mswahili husema: “Treni ilifika Goweko, abiria wakashuka, wakanunua asali, wakapanda tena.” Kitenzi cha kwanza hubeba wakati, vinavyofuata hushika nyayo zake kama wapagazi katika njia ya mtu mmoja. “Ka” haisemi tu kwamba jambo hili nalo lilitukia. Yasema lilitukia baada ya lile, na mara nyingi kwa sababu ya lile. “And” haitoi ahadi hiyo. Huyaweka matendo ubavu kwa ubavu, ikamwachia msomaji kazi ya kuyapanga.

Goweko haikutajwa kwa kubahatisha. Kituo hicho cha Reli ya Kati kipo mashariki ya Tabora, na kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi ile ilikatwa kwa miguu na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Ujiji, hata Kongo. Misafara hiyo ndiyo iliyotuachia baadhi ya nathari yetu bora ya zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli, ambamo mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande huko bara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley akayatia katika Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Asomaye Kiswahili cha mabwana hao husukumwa na “ka” kurasa juu ya kurasa: watu hufika, wakapiga kambi, wakatoa hongo, wakang’oa safari.

Mfasiri wa Kiingereza afanyeje basi? Akiweka “and” kila mahali, masimulizi yatasikika kama hadithi ya mtoto, au kama Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyojaa neno hilo kwa kuwa Kiebrania huunganisha sentensi zake kwa herufi moja tu. Akikata kwa nukta, kila tendo litasimama peke yake na msafara utakuwa umevunjika. Akitia neno lenye maana ya “kwa hiyo”, atakuwa amemsemea msimulizi sababu ambayo mwenyewe hakuitamka. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, kwani “ka” huashiria sababu bila ya kuiapia.

Mwenye kujua Kiarabu hatashangaa. Kiarabu kina “wa” iunganishayo tu, na “fa” iletayo jambo lenye kufuatana na lililotangulia. Wenye lugha hawavichanganyi viwili hivyo. Kiswahili, kilichochota maneno mengi namna ile katika kisima hicho, hakikuichukua “fa”. Kilikuwa na “ka” yake nyumbani. Hata “wa” iliingia kwa kujificha tu, ndani ya “wala” na “walakini”. Na hii ya pili tukaigeuza jina kabisa, hata mchumba akawa na walakini na nyumba ikawa na walakini.

Washairi walilijua jambo hili kwa kuhesabu. Katika kipande cha utenzi chenye mizani minane, “alifika” ni mizani minne na “akafika” ni mizani minne. Mtunzi hulipwa ufuatano wa matukio bila ya kutoa kitu. “Na akafika” ni mitano. Anayeitia “na” hiyo mbele ya kila kitenzi hula mizani ambayo angeiwekea upanga, farasi au jina la Mtume. Hapana asemaye kwamba “na” mbele ya kitenzi ni haramu. “Aliingia na kuketi” ni Kiswahili safi, na “na mvua ikanyesha”, baada ya ukame wa beti kumi, yaweza kumtoa mtu machozi. Lakini uzito huo hupatikana kwa sababu haukutumiwa ovyo.

Mengine ya “and” yana milango yake. Mwingereza aagizaye mtu aende na aone huambiwa kwetu “nenda kaone”, na “ka” hiyo nyingine hubeba mwendo wa miguu ndani yake. Ikiingia kukanusha, hutoka “na” huja “wala”: hakula wala hakunywa. Tishio lake la kufanya jambo na kujuta ni “ukifanya utajuta”.

Gumu ni la Shakespeare. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kisha akafundisha huko, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963. Katika hotuba ya Antony mbele ya maiti, sifa ya uungwana wa Brutus hurudi tena na tena ikitanguliwa na “and”, na kila irudipo umati husikia “lakini”. Tafsiri ikitamka “lakini” waziwazi, hila imefichuka kabla ya wakati wake. “Na” tupu yaweza kusikika kama kuongeza tu. Huenda “naye” ndiyo ifaayo zaidi: yamleta mtu mbele ya watu kwa heshima zote, kisha yamwacha hapo atazamwe.

Lakini kuna mahali ambapo mfasiri hana budi kuiacha “na” ilingane na “and” sawasawa, hata akiona haya. Msimulizi wa misafara aweza kutaja mali kwa pumzi moja: pembe na bunduki na watumwa. Nchi ya Unyamwezi ilitoa wapagazi wengi walioshika mzigo kwa ujira, na katika njia ile ile walipita wengine waliofungwa shingoni. Mfasiri wa leo, mwenye moyo, hutamani kuwatenga hawa: aweke mkato, aongeze “pamoja na”, au awape sentensi yao wenyewe. Asifanye. Kiunganishi kile kile kilichoweka chumvi karibu na ndimu kimemweka mtu karibu na pembe, na mwandishi hakuona ajabu. Msomaji wa Kiingereza naye aione “and” hiyo, tupu, mara mbili, mahali pake.