Kielelezo Kisicho na Govi

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya afya, yawe ya zahanati, ya kiwandani au ya kambi ya wavuvi, bila shaka amekiona kile kipande cha mti kilichochongwa kwa sura ya dhakari, ambacho mwalimu hukisimamisha juu ya meza, akachana pakiti mbele ya hadhara inayocheka kwa haya, kisha akaukunjua mpira juu yake taratibu hata ukafika chini. Vielelezo vya namna hiyo nimeviona vingi, vyeupe na vyeusi, virefu na vifupi, illa sijapata kukiona hata kimoja kilichochongwa pamoja na govi lake. Fundi seremala, kwa kufuata mila ya kwao au kwa kujipunguzia kazi, amekwisha kuutahiri mti kabla haujafika darasani.

Kwa msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja, ambako tohara ni sunna na neno lenyewe govi hutamkwa mara nyingi zaidi kama tusi kuliko kama jina la kiungo, upungufu huo hauonekani, wala hauna haja ya kuonekana. Lakini huko bara, hasa pande za Ziwa, wako Waluo wa Nyanza na Wasukuma wengi ambao wazee wao hawakuwa na jando, na kaskazini wako Waturkana. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007, baada ya majaribio matatu ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda kuthibitisha kuwa tohara hupunguza kwa kadiri ya asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, Shirika la Afya Duniani limeihimiza, na wanaume kwa maelfu wameiitikia. Hata hivyo waliobaki nao ni wengi, na hao hawawezi kungoja seremala abadili nia ndipo wafundishwe.

Siku moja, katika kambi ya wavuvi kandokando ya Ziwa Viktoria, kijana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa juu ya ndoo iliyopinduliwa aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na sisi tulio na la kuzaliwa nalo, tunavaaje?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akajibu, "Vivyo hivyo, mdogo wangu, hakuna tofauti," akaendelea na somo lake.

Ilhali tofauti ipo. Govi si kifuniko kilichogandamana na kichwa. Ni ngozi ya tabaka mbili inayotembea, na dhakari inaposimama hurudi nyuma, yote au sehemu yake, na hurudi zaidi kila mwendo wa jimai unapoivuta. Mwanamume akiuvika mpira juu ya govi lililofumba, ameuvika juu ya kitu kitakachohama. Ngozi ikianza kwenda nyuma na mbele huuvuta mpira pamoja nayo, sehemu moja ikakazika na nyingine ikalegea na kujikunjakunja, na mpira uliolegea ndio unaochomoka. Jioni ile, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, mimi na mwalimu yule tulikata soksi kuukuu, tukakivisha nayo kile kielelezo kama govi, tukavika mpira juu ya soksi iliyofumba, tukaanza kuisukuma na kuivuta: haukupita muda ukingo wa chini ukaanza kupanda juu, nasi tukakaa tunatazamana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, dhakari ikiwa imekwisha kusimama barabara, ni kulivuta govi nyuma kwa upole hata kichwa chote kiwe wazi. Hapo ndipo mpira huwekwa kichwani, ule mviringo uliokunjwa ukielekea nje, na chuchu yake ikiwa imebanwa kwa vidole viwili ili hewa isibaki ndani na nafasi ya manii ipatikane. Aliyekosea upande asiugeuze tu akaendelea, kwani madhii yaliyogusa upande wa nje yangekwenda moja kwa moja kwa mwenzake. Autupe, achukue mwingine.

Kuukunjua ndiko kunakotaka maelezo zaidi. Ngozi iliyovutwa nyuma imetanda, nayo kwa tabia yake hutaka kurejea mbele. Mtu akiukunjua mpira mara moja mpaka shinani, ameubana juu ya ngozi iliyo katika hali ya kulazimishwa, na ngozi hiyo inaporejea huubeba ukingo pamoja nayo. Wajuzi wa jambo hili hulifanya kwa vituo viwili: huukunjua mpira mpaka upite lile govi lililokusanyika nyuma ya kichwa, wakasimama hapo, kisha hushika sehemu iliyokwisha kuvikwa, pamoja na ngozi iliyomo ndani, wakaisogeza mbele kidogo kuelekea kichwani, ndipo wakamalizia kuukunjua ukingo uliosalia hadi shinani kabisa. Hivyo ngozi hupata nafasi ya kutembea chini ya mpira, na ukingo hukaa mahali pasipohama.

Wala kufika shinani si mapambo. Upande wa ndani wa govi ni utando laini wenye seli nyingi ambazo virusi vya UKIMWI huzitafuta, na govi linapokunjuliwa, utando huo hulala juu ya kiwiliwili cha dhakari, nyuma ya kichwa, umegeuka nje kama bitana ya mkono wa shati uliokunjwa. Mpira ulioachiwa njiani umekifunika kichwa na kuiacha wazi sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Wako ambao govi lao ni jembamba na halirudi nyuma bila maumivu. Hao wasilishurutishe, wauvae mpira juu yake, waiachie chuchu nafasi, wauangalie mara kwa mara katikati ya tendo, na siku nyingine wamwone daktari, kwa maana hali hiyo ina dawa zake na si lazima iwe kisu. Kwa wote, kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya nazi, samli na yale ya kujipaka, ambayo ndiyo yaliyo karibu na mkono katika nyumba zetu, hudhoofisha mpira wa utomvu kwa muda mfupi mno, na kuvaa miwili kwa pamoja hakuongezi ulinzi, bali huifanya isuguane.

Baada ya kumaliza, mwanamume aushike ukingo shinani, atoke dhakari ingali imesimama, auvue, aufunge fundo, autupe chooni pa shimo au jaani penye kifuniko. Waalimu wengi huishia hapa, na kwa aliyetahiriwa ndio mwisho. Mwenye govi amebakiwa na jambo moja: alirudishe mbele mpaka lifunike kichwa. Akilisahau huko nyuma, likamkaba kama pete huku kichwa kikivimba, huenda lisirudi tena kwa mkono wake mwenyewe, na hapo safari ya hospitali ni ya usiku uleule, si ya kesho. Nimesoma maelezo ya pakiti nyingi, na katika hizo zote sijaikuta hatua hii ya mwisho hata mara moja.