Bangkok: Acha Teksi, Rukia Boti!

Jamani, Bangkok! Foleni zake nilizisikia tangu zamani, na hazijasingiziwa: jioni pale barabara ya Sukhumvit magari yamejipanga hadi upeo wa macho, hakuna anayesogea. Lakini inua kichwa! Juu ya magari yote hayo treni inapita kwenye nguzo za zege, tena kwa kasi, abiria wamepoa na kiyoyozi kinachokufanya utamani sweta. Ndiyo BTS hiyo, inayobeba watu tangu Desemba 1999. Na raha inaanzia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi: treni ya mjini ipo hapohapo chini, nusu saa hivi uko Phaya Thai, unaunganisha BTS, umelipita jiji zima bila kumwona dereva wa teksi.

Ukiwa kituoni saa mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni, wimbo wa taifa unapigwa na umati wote unaganda. Wenye haraka, wanafunzi, wauzaji, wote kimya! Ganda nawe.

Chini ya ardhi kuna MRT. Mwaka 2019 njia yake ya buluu ilirefushwa ikapita chini ya mto Chao Phraya, na kwenye kipande hicho kipya ndipo kilipo kituo cha Sanam Chai. Shuka hata kama huna shughuli! Nguzo zina nakshi, dari linametameta, ukumbi wa kifalme mtupu, kumbe watu wanasubiri treni. Kinachoudhi ni kwamba kadi ya BTS haifungui milango ya njia ya buluu. Huku utagusisha kadi yako ya benki.

Tuktuk ni Bajaji iliyovaa nguo za sikukuu. Panda mara moja upige picha, na bei mpatane kabla hujakaa, kwa sababu mgeni mara nyingi hulipa zaidi kuliko kwenye teksi ya mita, ambayo huanzia baht 35. Bodaboda je? Wapo kila mdomo wa uchochoro, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, na mtu wa Dar au Kampala atajiona yuko kwao. Kumwelekeza ni rahisi, maana Sukhumvit imepangwa vizuri: vichochoro vya namba witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili.

Haya, majini sasa! Shuka BTS kituo cha Saphan Taksin, gati la mto Chao Phraya liko chini yako. Tafuta boti yenye bendera ya rangi ya chungwa. Nauli ni ileile popote ushukapo. Ile ya watalii, yenye bendera ya buluu, ni ghali zaidi, na mto ni huohuo. Baharia wa nyuma anamwongoza nahodha kwa filimbi tu, pii, pii-pii, boti inabusu gati, mnaruka, imeshaondoka! Shukia Tha Tien kwa hekalu la Wat Pho, kisha vuka na pantoni hadi Wat Arun.

Na bado sijafika kwenye penzi langu: boti za mfereji wa Saen Saep. Maji meusi, yananuka, sikufichi. Lakini mwendo wake! Boti ndefu inachana katikati ya jiji, nyuma ya nyumba za watu, kamba za nguo na sufuria jikoni, huku kondakta mwenye helmeti akitembea ukingoni kabisa, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine unakusanya nauli. Daraja likiwa chini mno, paa linashushwa, naye anainama nalo! Mistari mikuu ya BTS haifiki mji mkongwe. Boti hii inakusogeza hadi jirani nao, upande wa hekalu la Mlima wa Dhahabu. Ukitoka upande wa Asok utabadilisha boti Pratunam. Na gatini usizubae, boti inasimama kufumba na kufumbua tu. Beba chenji ndogo. Uende mchana, maana jioni huwahi kufungwa. Ukipata kiti cha pembeni, kamba ya turubai la kuzuia maji ni kazi yako: boti nyingine ikija mbele, vuta haraka, la sivyo safu nzima italowa na watajua wa kumlaumu.