Je, Mwandishi wa Tukuyu ni Mswahili?

Siku moja mvua ya Tukuyu ilitufungia kibandani, wachanga wa kalamu watano na chai yetu ya rangi. Mshikaji mmoja akatoa daftari akatusomea hadithi yake mpya. Msichana mwenye baibui anashuka Forodhani jioni. Harufu ya karafuu inampokea. Bibi yake yuko barazani anatafuna tambuu, na kwa mbali ngalawa zinarudi. Lugha ilikuwa safi, tena ya kupendeza. Kasheshe ni kwamba mwenzetu huyo hajawahi kuiona bahari. Safari yake ndefu kuliko zote ni ya Mbeya mjini, kufuata vitabu vya shule.

Tulipomuuliza kwa nini hakuandika habari za hapa, akajibu: "Hadithi ya Kiswahili bila pwani inanoga wapi?" Mwingine akamrukia: "Acha uswahili wewe! Sisi ni Wanyakyusa. Kiswahili tumeazima tu. Mwacha asili ni mtumwa!"

Hapo moto ukawaka mpaka mvua ikakatika. Makala haya ni jibu langu kwa wote wawili. Kwa maoni yangu wote wamepotea, ila kila mmoja kashika njia yake ya kupotelea. Na swali lao si dogo: kijana wa Rungwe anayeandika Kiswahili, je, tumhesabu kuwa Mswahili kwa utamaduni?

UBISHI WA WAFILIPINO

Ndugu msomaji, hebu kwanza tutoke nje kidogo, maana ubishi huu hatuko nao peke yetu. Huko Ufilipino wanabishana miaka nenda rudi kama wao ni watu wa utamaduni wa Kihispania. Wahispania waliweka makazi yao huko mwaka 1565 na wakatawala hadi 1898. Waliacha Ukatoliki, sikukuu za watakatifu wa kila mji, na majina. Mwaka 1849 gavana Narciso Clavería aliamuru watu wachukue majina ya ukoo kutoka kwenye orodha ya serikali. Mpaka leo utakutana na Mfilipino anaitwa Santos, Reyes au Cruz. Lakini lugha yenyewe ya Kihispania haikukaa vinywani mwa watu wengi, na katiba yao ya mwaka 1987 haikuitaja tena kuwa lugha rasmi.

Sasa tujitazame sisi. Kwetu mambo yamepinduliwa. Lugha tunayo: tunaisoma, tunaiandika, tunaiotea ndoto. Ila majina yetu ya ukoo bado yanaanza na Mwa-. Dini iliyoenea wilayani haikutoka pwani. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin mwaka huohuo. Chakula chetu ni ndizi, na mbalaga haina uhusiano wowote na wali wa nazi. Mfilipino kachukua karibu kila kitu akaiacha lugha. Mnyakyusa kachukua lugha akaacha karibu kila kitu.

Kwa mantiki hiyo, ukisema lugha ndiyo utamaduni, sisi ni Waswahili na Wafilipino si Wahispania. Ukisema utamaduni ni dini, majina na sherehe, basi wao ni Wahispania na sisi si Waswahili. Ukihesabu maneno ya mkopo ndiyo utachekesha zaidi. Wafilipino wanasema mesa kutokana na Kihispania, na sisi tunasema meza kutokana na Kireno, pamoja na bendera, gereza na karata. Nani atasimama aseme mwenye meza nyumbani kwake ni Mreno?

Wafilipino wana mwandishi wao mkubwa, José Rizal. Riwaya yake Noli Me Tangere ilitoka mwaka 1887, na aliiandika kwa Kihispania. Ndani yake aliwaanika mapadre na wakubwa wa Kihispania waliokuwa wakiionea nchi yake. Mwaka 1896 Wahispania wakampiga risasi Manila. Lugha ilikuwa ya mtawala, kilio kilikuwa cha Mfilipino. Hakuna aliyehitaji kumuuliza Rizal yeye ni nani; kitabu chake kilikwisha kujibu.

JINA NA TUSI

Tuwe wakweli, Kiswahili si Kihispania. Waswahili hawakuja Rungwe na mizinga kututawala. Lakini pia tusijizuge kwamba lugha hii iliota yenyewe kama mgomba. Ilikuja na misafara ya biashara, halafu ikaja na boma la Wajerumani, ambao mji huu wa Tukuyu waliuita Neu-Langenburg. Karani, askari na mtoza kodi walitumia Kiswahili. Waingereza nao wakakisanifu, na kamati yao ya lugha ya mwaka 1930 ikatumia Kiunguja kuwa msingi. Baadaye ikaja TANU, na lugha ileile ya boma ikageuka kuwa lugha ya kudai uhuru. Vitabu tulivyosomea shule ya msingi ni matunda ya historia yote hiyo, machungu na matamu.

Sasa namgeukia yule aliyesema "acha uswahili". Neno hilo tunalitumia sote, hata mimi. Mtu akiwa na maneno mengi, tunasema ana uswahili. Akikukopa asilipe, huo ni uswahili. Mtaa wenye vibanda vilivyobanana na mifereji iliyoziba ni uswahilini. Hebu tufikiri tunafanya nini hapo. Kuna watu wenye miji yao ya karne nyingi, Lamu, Mombasa, Kilwa. Wana tenzi zao, adabu zao, nyumba zao za mawe. Tumechukua lugha yao, ikatupa vyeti, kazi, hata barua za mapenzi. Halafu jina lao tumelifanya tusi. Mwaka 1994 Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walitoa kitabu kizima kuhusu utambulisho wa Waswahili, wakitetea kwamba hao ni watu kamili wa Afrika wenye historia yao. Kwamba watu walilazimika kuandikiwa kitabu kuthibitisha kuwa wapo, hilo tu lingetosha kutunyamazisha.

Na ile methali aliyotupigia mwenzetu, mwacha asili ni mtumwa? Hakuitoa kwenye Kinyakyusa. Ni ya Kiswahili. Aliikataa nyumba ya watu akiwa ameketi kwenye kiti chao.

Ndiyo maana mimi nasema hapana, sisi si Waswahili kwa utamaduni, na tusijipachike jina hilo kirahisi. Ukilitandaza jina mpaka limfunike kila anayeongea Kiswahili, kuanzia Tukuyu hadi Bukavu, mwenye jina anabaki hana kitu. Lakini kutokuwa Mswahili hakumfanyi mtu awe mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Haya ni mambo mawili, na kijiweni pale tulikuwa tunayachanganya.

WALIOTUTANGULIA KUTOKA BARA

Swali hili liliwahi kuwasha moto mkubwa kuliko wetu. Mwaka 1971 Ahmad Nassir wa Mombasa alitoa Malenga wa Mvita. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Miaka miwili baadaye Mulokozi na Kahigi wakatoa diwani yao, nao wakaiita Malenga wa Bara. Jina hilo peke yake ni hoja. Wapo walionuna, wakasema utungo usio na vina na mizani hauwezi kuitwa shairi la Kiswahili. Binafsi siwacheki. Mtu akiona mgeni anahamisha nguzo za nyumba ya babu yake, ana haki ya kuuliza. Lakini nyumba haikuanguka. Ilipata vyumba zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe. Mwaka 1945 alikuwa amekwisha andika riwaya yake ndefu kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata akafariki.

Kitabu hicho kinahusu mume na mke wasiopata mtoto. Ndugu wa mume wanaleta maneno, mke anachukuliwa na kwao, na mume inambidi aende ukweni kumkomboa kwa pombe ya ndizi. Hakuna baraza la Forodhani humo. Kuna jembe, ng'ombe, ziwa, ugonjwa, na adabu ndefu za ukweni. Nakubali kina kasoro: mwandishi anaeleza mno, mara nyingine kama mwalimu anayeogopa kipindi kisiishe kabla hajamaliza somo. Lakini ukisoma unaona Kiswahili kimekwenda Ukerewe na kikatii. Mwandishi hakuvaa kanzu ya kuazima ili ahudhurie sherehe ya fasihi. Nani leo atasema kitabu hicho si fasihi ya Kiswahili? Na nani atasema Kitereza alikuwa mtu wa pwani?

SASA SISI

Unajua maisha ya mababu zetu yameandikwa wapi kwa kirefu? Kwa Kiingereza. Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vile vijiji vya marika, ambapo vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajijengea kijiji chao wenyewe. Fikiri hadithi iliyolala hapo! Vijana watupu, kijiji chao, ugomvi wao, na siku ile ya kwanza kulala mbali na mama. Mpaka leo sijasoma riwaya ya Kiswahili iliyoingia humo. Mwenzetu mwenye daftari anayo lugha ya kuiandika, kipaji anacho. Badala yake anatuuzia karafuu asizozijua.

Simkatazi kwenda Forodhani. Aende, akae, aone, kisha aandike. Hapo atakuwa mwandishi mgeni mwenye macho. Ninachokataa ni kununua pwani ya kwenye vitabu kwa kudhani kwamba bila hiyo Kiswahili chako hakijatimia.

Na yule wa asili naye asifurahi mapema. Rungwe ya kweli haina Unyakyusa mtupu kwenye chupa. Hapa mtoto anaamka asubuhi, anamwambia bibi yake mugonile, kwa heshima ya wingi. Anashuka njia ya migomba, anakutana na mwalimu, anasema shikamoo. Shikamoo ni ya pwani, mugonile ni ya kwetu, na mtoto hajiulizi yeye ni nani. Anajua tu nani anaamkiwa vipi. Ukiandika hadithi ambayo huyo mtoto anasema shikamoo tu, umetudanganya. Ukiandika ambayo anasema mugonile tu, umetudanganya pia.

Nilimrudishia mshikaji daftari lake siku iliyofuata. Nikamwambia ambakize bibi yake barazani, amvue tambuu, ampe ndizi za kumenya, kisha asikilize anasema nini. Hajanijibu. Ila nasikia ameanza upya, na sentensi ya kwanza ina mvua.