Jina la Kanga Halina Mwenyewe

Katika masomo yetu ya fasihi simulizi, majina ya kanga hupewa nafasi ndogo, mara nyingi mwishoni mwa muhula, baada ya methali na vitendawili. Mwanafunzi hukusanya majina ishirini au thelathini, huyapanga kwa dhamira (mapenzi, dini, wivu, malezi, ujirani), kisha huhitimisha kwamba kanga ni sauti ya mwanamke wa pwani. Hitimisho hili limerudiwa mno hata hakuna anayeliuliza tena. Katika insha hii nakusudia kuliuliza. Hoja yangu ni kwamba jina la kanga husema bila kuwa na mwenyewe. Hali hiyo ndiyo inayolipa nguvu katika ugomvi mdogo wa nyumbani, na hiyo hiyo ndiyo inayolinyima nguvu ugomvi unapokuwa mkubwa.

Msomaji anaweza kujiuliza mtu wa Gitega ana nini cha kusema kuhusu kanga. Gitega ni tarafa ya wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali. Hatuna bahari wala dau. Hata hivyo, si mbali na kwetu kuna Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kimesemwa tangu zama za ukoloni. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kabla ya hapo, na hata sasa, neno “umuswahili” katika Kinyarwanda cha mtaani halikuwa na maana ya msemaji wa lugha tu. Lilimaanisha pia mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika sana. Kanga yenye maandishi ikipita mbele ya mtu mwenye fikra hiyo, yeye huona ushahidi wa “uswahili” anaoudharau. Kwa hiyo sisi tunaojifunza lugha hii hapa tunajikuta kati ya dharau mbili: moja inasema kanga ni umbeya, nyingine inaisifu bila kuisoma. Ya pili nayo naiita dharau, kwa sababu kumsifu mtu bila kusikiliza alichosema si kumheshimu.

Tuanze na kitu chenyewe. Kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Majina hayakuwapo tangu mwanzo. Yaliingia baadaye, mwanzoni kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kilatini. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa alama yake ya “Mali ya Abdulla”, limehusishwa na biashara hii tangu mwaka 1887. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Maneno ya kanga hupita kwa mfanyabiashara kabla ya kufika kiunoni mwa mwanamke. Mfanyabiashara huteua anachodhani kitanunuliwa, na mara nyingi anayelipa ni mume, mtoto wa kiume au mchumba anayepeleka zawadi. Basi tunaposema “sauti ya mwanamke”, tukumbuke kwamba sauti hiyo imechapishwa kwa maelfu na huenda imenunuliwa na yule yule inayemsema.

Hilo peke yake halitoshi kuikataa kanga. Methali nazo hakuna aliyezitunga kwa jina, na bado tunazitumia kusema yetu. Swali ni jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi. Hebu tuyasome machache kwa makini.

“Hasidi hana sababu.” Hapa hakuna mimi wala wewe. Kuna hasidi, nafsi ya tatu, na kauli iliyo kweli kila siku. “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.” Hapa yupo “wewe”, lakini ni wewe wa kila mtu. Yeyote atakayesoma ndiye aliyekatazwa kuingilia, na asiyesoma hajakatazwa. “Mdhaniaye ndiye kumbe siye.” Kiambishi cha mwanzo kinawataja nyinyi mnaodhani, lakini anayedhaniwa hatajwi. Kila mke mwenza, kila wifi na kila shoga anaweza kukaa katika nafasi hiyo tupu. Hata “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”, ambalo lina “mimi” iliyo wazi, limemwacha mpinzani kuwa “mtu” tu. Mtu yupi? Atajijua mwenyewe.

Sarufi ya majina haya, basi, ni sarufi ya nafasi tupu. Anayevaa hatii sahihi, na anayelengwa haitwi kwa jina. Mtafiti Rose Marie Beck, aliyeandika mengi kuhusu kanga, ameonyesha jinsi utata huu ulivyo kiini cha mawasiliano ya kanga: mvaaji anaweza wakati wowote kukana kwamba alikusudia kusema lolote. Nami naongeza kwamba katika nyumba ya watu wengi, kukana si woga. Ni njia ya kuendelea kuishi pamoja.

Tufikirie nyumba ya mjini Unguja au Mombasa, yenye ua mmoja, ambamo mke anaishi na mavyaa yake, wifi wawili na watoto wa ndugu. Chumvi imezidi, mkaa umeisha kabla ya mwezi kuisha, sufuria la mtu limetumiwa na kurudishwa na masizi, mgeni wa mtu mmoja amelishwa kwa unga wa mwingine. Haya ni mambo madogo na hakuna mzee atakayeitishwa kuyaamua. Lakini yakinyamaziwa hujaa. Mke akimwambia wifi yake waziwazi kwamba amechoka kupikia wageni wake, neno hilo halirudi mdomoni. Mume atalisikia jioni, na mama mkwe atalikumbuka miaka kumi. Akivaa kanga siku ile wageni wanapokuja, amesema na hajasema. Wifi akiuliza, jibu lipo tayari: nimeipenda rangi yake. Kesho watamenya viazi pamoja. Katika kiwango hiki naungana na wanaoisifu kanga. Imefanya kazi ambayo kauli ya wazi isingeifanya.

Tatizo linaanza pale ambapo jambo linahitaji jibu. Mume asiyeacha pesa ya matumizi, mume anayepiga, binti anayenyimwa shule: haya hayaishi kwa mtu “kujijua mwenyewe”. Yanahitaji mtu aulizwe na ajibu. Utata uliomlinda mvaaji sasa unamlinda mkosaji. Kama mke anaweza kukana kwamba alisema, mume naye anaweza kukana kwamba alisoma. Anaweza hata kucheka na kumnunulia doti nyingine.

Tena kanga inahitaji macho ya watu. Nguvu yake iko uani, kisimani, arusini, njiani kwenda sokoni. Hapa riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, inatusaidia. Bwana Maksuudi amemfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, na mkewe Tamima anaishi chini ya amri zake. Wahakiki wengi huisoma riwaya hiyo kama habari ya mfumo dume na anguko la mkubwa mmoja. Mimi naisoma pia kama jaribio la nadharia ya kanga. Mvishe Maimuna doti yenye jina kali kuliko yote, halafu ufunge mlango. Nani atasoma? Ukombozi wake, wenye uchungu na makosa mengi, unaanza kwa kutoka nje, si kwa kuvaa maneno. Nadharia inayosema kanga ni sauti ya mwanamke imemsahau mwanamke asiyetoka, na huyo ndiye anayehitaji sauti zaidi.

Kigali hutuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Hapa kitenge kinatawala, na kanga zinazofika hununuliwa kwa rangi na bei. Wengi hawasomi jina. Jirani yetu mmoja, mwanamke mpole asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, alikwenda kumjulia hali mama mkwe wake akiwa amejifunga kanga yenye lile jina la simba na meno yake. Mama mkwe amekulia Biryogo na anasoma kila herufi. Aliporudi, jirani alisema amepokewa kwa uso mgumu na chai haikuletwa. Ilichukua majuma mawili na shangazi mmoja wa kati kuyaweka mambo sawa. Hakuna aliyemtukana mtu hapo, na bado tusi lilifika. Kisa hiki kinanionyesha kwamba maana ya jina la kanga haikai kwa mvaaji. Inakaa kwa msomaji na katika historia iliyopo kati ya watu wawili. Orodha zetu za dhamira haziwezi kuliona jambo hilo, kwa sababu katika orodha hakuna watu.

Wanyarwanda nao wana maneno yao kuhusu misuguano ya nyumbani. Pwani husema vyombo vya kabatini havikosi kugongana. Kinyarwanda kinasema “Ntazibana zidakomanya amahembe”: ng'ombe waishio pamoja hawakosi kugonganisha pembe. Mmoja ameona vyombo, mwingine ameona ng'ombe, na wote wamekubali kwamba kuishi pamoja ni kugusana. Lakini tunao pia msemo wa pili, mfupi na mzito zaidi: “Niko zubakwa”, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Huo ndio anaopewa mwanamke anayelalamika. Avumilie, kwa kuwa na mama yake alivumilia. Ukiuweka karibu na “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake” utaona undugu wao. Jina hilo la kanga huonekana kama ngao ya mwanamke dhidi ya majirani wambeya. Lakini linaweza pia kuwa pazia. Kunguni wapo, wanauma, na wewe wa nje usiulize. Maneno yale yale yanamlinda na kumfungia.

Kinyume cha kanga, hapa Rwanda kuna umugoroba w'umuryango, mkutano wa jioni wa familia katika kijiji au mtaa, ambao awali uliitwa akagoroba k'ababyeyi. Pale matatizo ya nyumbani huzungumzwa mbele ya majirani. Anayesema anajulikana, anayesemwa yupo, na jibu linatarajiwa. Kwa mantiki ya insha hii, hapo ndipo mahali pa mambo makubwa. Ila tusijidanganye. Kwa kuwa maneno ya pale yana mwenyewe, wapo wanaokaa kimya jioni nzima na kurudi nyumbani na mzigo wao. Mwanamke wa pwani ana chombo kinachosema bila kudai jibu. Mwanamke wa Gitega ana mkutano unaodai jibu lakini unaogopesha kusema. Sioni kwamba mmoja amemshinda mwenzake. Naona kila mmoja amekosa nusu.

Najua pingamizi litakalokuja. Mwenzangu mmoja darasani ameniambia kwamba naidai kanga isichoahidi. Hakuna anayelaumu kitendawili kwa kutomaliza njaa. Ni kweli. Lakini si kanga iliyotoa ahadi hiyo. Ni sisi wahakiki. Tulipoiita ukombozi, tuliipa mzigo ambao pindo na mji haviwezi kuubeba, na kwa kufanya hivyo tukajipumzisha. Tukiisha kusema mwanamke wa pwani ana sauti yake, hatuna haja tena ya kuuliza kama kuna aliyemsikia.

Napendekeza basi kwamba tubadilishe namna tunavyokusanya majina haya kwa ajili ya tasnifu zetu. Jina peke yake lisihesabiwe kuwa data. Tuandike pia nani alinunua, nani alivaa, siku gani, mbele ya nani, na nini kilitokea baada ya hapo, hata kama kilichotokea ni chai kutoletwa. Tuwaulize na wanaume walisoma nini. Tuwaulize wasiovaa kwa nini hawavai. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupanga majina thelathini chini ya vichwa vitano, na inataka mtafiti aketi uani muda mrefu. Sisi wa Kigali tunaweza kuianza hapa hapa, Biryogo, ambako wapo bibi wanaosoma kila kanga inayopita, wakiwa na wajukuu wanaozivaa bila kusoma. Tukikaa kati yao na daftari, tutajua zaidi kuhusu sauti na kimya kuliko tulivyojua kwa kunakili orodha za wengine.